Usiinue Ufito

Aprili 16

Barafu imeondoka. Jana tulisikia ngurumo yake ikitoka juu mtoni, na leo asubuhi mto wa Miramichi uko wazi, maji ya kahawia yamejaa hadi kwenye mizizi ya mierezi, na vipande vya mwisho vinapita mbele ya kambi yetu ya uvuvi vikisukumana. Nimetia mtumbwi majini kabla ya kifungua kinywa. Ndivyo alivyofanya baba yangu, na babu yangu kabla yake. Hakuna mtu wa ukoo wetu wa Mullin aliyewahi kungoja barafu ifike baharini ndipo ashike pondo lake la kusukumia mtumbwi.

Kila msimu mimi huandika humu hali ya maji, upepo, na nani amepata nini. Mwaka huu kuna jambo jingine. Corinne, binti yetu wa pekee, aliyerudi Krismasi baada ya miaka minane ya kuendesha malori ya mgodi huko Alberta, ametangaza mezani kwamba mwezi wa Mei ataleta wageni wake mwenyewe. Si wa kuvua samoni. Ni wa besi wa milia. Mgodi umemwekea nafasi yake hadi mwisho wa Mei. Mambo yakimwendea vizuri atabaki nyumbani, yakimwendea vibaya atarudi kwenye malori. Mama yake, Ardith, alisikia neno "atabaki" tu, akamwongezea viazi.

Mimi nilisikia "besi". Besi ni mwizi. Anapanda mto wetu na njaa yake, anawameza watoto wa samoni wanaoshuka baharini, kisha anataga mayai yake papa hapa, tena bila haya. Hii ni kambi ya samoni tangu babu alipopigilia msumari wa kwanza. Nilimwambia Corinne hivyo. Akanijibu, "Baba, samoni hawatoshi tena kuilisha kambi, na wewe unajua." Najua, lakini sikupenda kuambiwa mezani.

Aprili 18

Mvua. Maji yamepanda tena. Hakuna lolote.

Aprili 21

Wageni wa kwanza, ndugu wawili kutoka Halifax, wamekuja kwa ajili ya samoni wa majira haya, wale waliokaa mtoni kipindi chote cha baridi, wamekonda na wanashuka baharini. Nilisimama kwenye tezi, nyuma ya mtumbwi, na pondo mkononi tangu asubuhi, maji yakivuta kwelikweli. Mmoja wao akasema hajaona mtu wa umri wangu akisimama hivyo kwenye mtumbwi juu ya maji kama yale. Nikamwambia umri hausimamii mtumbwi, miguu ndiyo inayosimamia. Nilirudi nyumbani nimejaa sifa kuliko chakula.

Jioni simu ikalia, na alikuwa Bwana Pruitt wa Boston. Pruitt amekuja kwetu kuvua samoni kila Julai tangu Corinne hajang'oa meno ya utoto. Naijua mikono ya mtu huyo kuliko daktari wake. Nikamuuliza habari za goti lake, naye akasema goti halijambo, na kwamba mwaka huu angependa kuja Mei. Kwa besi. "Nimesikia Corinne anaongoza wavuvi," akasema. "Niwekee nafasi kwake."

Kwake. Nikampa Corinne simu, nikatoka kwenda kutazama kuni.

Aprili 26

Theluji, mwezi wa nne huu. Ardith amepika maharage ya kuoka.

Mei 3

Ulysse Savoie amekuja. Ulysse ni jirani yetu wa chini mtoni, Mwakadia, wa wale wazao wa Wafaransa wa zamani wa pwani hii, aliyestaafu kiwanda cha karatasi, na amekuwa akivua besi kwenye gati bovu tangu enzi ambazo jambo hilo lilikuwa aibu. Alisimama mlangoni ameshika samaki kwa taya, milia yake myeusi ikiwa imenyooka ubavuni.

"Mchukue, Hazen," akasema. "Huyu amekwisha kufa. Hawezi tena kuwadhuru wanao."

Ardith akampokea samaki kabla sijafungua mdomo. Akamkaanga kwa siagi pamoja na vile vichipukizi vilivyojikunja tunavyochuma kando ya mto kila Mei. Nilikula kipande cha pili ili kisitupwe.

Mei 6

Leo nimekwenda peke yangu chini ya daraja la reli, mahali wasipopita watu, na ufito wangu wa kuvulia samoni. Nilitaka kuona tu. Kama mgeni wa miaka yote ameiacha Julai kwa ajili ya samaki huyu, basi nimfahamu mwizi wangu.

Samoni akikamata ndoana, kiongozi mwema humtuliza mgeni. Acha ageuke, acha mshipi ukaze wenyewe, halafu inua ufito. Neno hilo "inua" nimelitamka mara nyingi kuliko sala zangu. Besi hataki hivyo. Besi hufyonza ndoana na kuitema papo hapo, na ukiinua ufito unaichomoa mwenyewe mdomoni mwake. Yapasa ncha ya ufito ibaki chini inagusa maji, na mkono wa kushoto uuvute mshipi kwa nguvu. Nimemsikia Corinne akiwaeleza watu kwenye simu, nikaona ni jambo dogo.

Watatu walikamata ndoana yangu. Wote watatu niliwainulia ufito, na wote wakaenda zao. Si kwamba nilisahau. Kila mara nilijiambia "vuta", na kila mara mkono wa kulia ukapanda juu wenyewe, kama vile una bwana mwingine. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Wa tatu alipotoka nikasikia sauti kutoka kwenye gati upande wa pili.

"Kanisani kwenu mnasimama hivyohivyo, Hazen? Mikono juu?"

Alikuwa Ulysse. Nilikunja mshipi nikaondoka kama mtu aliyekuja kupima kina cha maji.

Mei 9

Wawili zaidi wamenitoka. Ardith ameuliza kwa nini kila jioni nakwenda kukagua uzio ilhali hatufugi.

Mei 13

Wageni wa kwanza wa Corinne, wauguzi wawili kutoka Moncton ambao hawajapata kushika ufito maishani. Nilijitafutia kazi ya kupaka rangi makasia kwenye ukingo ili niwaone vizuri. Corinne alizima mashine mbali, juu kabisa ya mahali maji yanapozunguka, akaiacha boti ishuke yenyewe bila kelele, akaigusa kwa kasia mara moja hivi, ikakaa pale pale ilipotakiwa kukaa. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, akiwa mdogo hata kasia lenyewe lilimzidi kimo. Sikujua kama bado anakumbuka.

Kabla ya saa sita kila muuguzi alikuwa amevuta samaki wake, wanacheka hadi ng'ambo inaitikia. Hawakuwa na mkono wa kuufundisha upya.

Kwa hiyo wakati wa chakula cha jioni nikasema, kwa wema kabisa, kwamba kesho nitaingia botini niwaonyeshe wanawake wale namna ya kusimama. Corinne akaweka uma chini.

"Baba, nikibaki hapa, nabaki kama kiongozi. Sibaki kama binti wa Hazen anayebeba chupa ya chai. Kama hilo hulitaki, niambie leo, niwajibu watu wa mgodi."

Ardith aliendelea kukata mkate, vipande vyembamba mno. Niliomba chumvi. Kisha nikakasirika, kwa sababu hakuna mtu anayenisemesha hivyo kwenye meza aliyoitengeneza baba yangu. Baada ya hasira nikaogopa. Miaka minane tulimwona mtoto wetu kwenye simu tu, uso umechoka, nyuma yake ukuta mweupe wa chumba cha kampuni. Naandika wazi kwamba sitaki kumwona tena kwenye simu.

Mei 15

Upepo wa kaskazini. Boti zote nchi kavu, na sisi watatu tunapishana jikoni.

Mei 18

Pruitt amefika. Amezeeka, anatembea na mkongojo, lakini mkono wake bado una nguvu. Akanikumbatia mlangoni, na kinyongo changu chote kikaniponyoka kabla sijakitumia. Akamwomba Corinne kesho aniruhusu niwe nao botini, kwani bila mimi atajiona amepanda boti ya watu.

Corinne akakubali kwa sharti moja, kwamba kazi yangu ni kushika wavu wa mkono na nisiseme habari za kuvua. Nikauliza ni lini nimewahi kusema sana. Wote watatu wakacheka, na Ardith ndiye aliyecheka kwa muda mrefu zaidi.

Mei 19

Niandike yote kama yalivyotokea.

Tuliondoka asubuhi maji yakiwa yanapwa. Corinne kwenye tezi na mashine, Pruitt mbele kwenye omo, mimi katikati na wavu magotini kama mtoto aliyepewa cha kushika. Hali ya hewa ilikuwa njema, na gaspero walikuwa wameanza kupanda. Ni samaki wadogo wa fedha wanaokwenda kwa makundi, na walipo hao besi yuko nyuma yao. Corinne alitoa kipimajoto, akakichovya, akakitazama, akasema hatutaanzia pale nilipokuwa nikitazama mimi. Akatupeleka kwenye mdomo wa kijito cha Lindi la Mierezi. Mimi pale nisingepafikiria. Samoni hasimami pale hata siku moja.

Kisha akamfundisha Pruitt. Ilichukua muda, maana Pruitt ni mwanafunzi wangu, na mkono wake una ugonjwa ule ule. Corinne hakumfokea wala kumbembeleza. Alimwambia atie ncha ya ufito majini na aisahau kabisa, awaze mkono wa kushoto tu. Samaki wawili walimtoka. Wa tatu alimpata, wa nne akampata, na mzee akawa mwekundu usoni kwa furaha. Corinne aliwapima, akawarudisha majini. Nilijisifu moyoni kwa kunyamaza kwangu.

Ndipo akaja yule mkubwa. Tulimwona sote. Alipanda kutoka chini kuifuata ndoana ya Pruitt, mgongo mpana wa kijani, milia yake ikihesabika, na hakuwa na haraka. Alikuwa karibu na boti kiasi kwamba niliona jicho lake. Pruitt aliendelea kuvuta mshipi polepole kama alivyofundishwa. Corinne akanong'ona, "Hivyo hivyo." Yule samaki akafungua mdomo na ndoana ikapotea.

Nami nikapaza sauti, "Inua!"

Sikuamua kusema. Neno lilitoka kama chafya. Na Pruitt, ambaye kwa miaka yote hiyo sauti yangu nyuma ya sikio lake ndiyo iliyompa samaki, akatii. Ufito ukapanda juu. Ndoana ikatoka majini ikaruka moja kwa moja ikanasa kwenye ukingo wa kofia yangu. Yule besi alikaa pale kidogo, kisha akazama taratibu.

Pruitt akasema kosa ni lake. Ni muungwana, na sote tulijua anasema uongo. Corinne akaacha kasia, akanisogelea, akaichomoa ndoana kwenye kofia yangu kwa uangalifu, kama anavyomfanyia mgeni yeyote. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, na ningependa zaidi kama angekasirika.

"Baba," akasema, "boti hii ina kiongozi mmoja."

Hatukupata samaki mwingine. Tulirudi na mimi nikaubeba wavu ambao sikuutumia hata mara moja.

Mei 20

Nimesema kichwa kinaniuma, nikabaki kitandani hadi waondoke. Ardith aliniletea chai akakaa ukingoni mwa kitanda. Ardith hapayuki. Aliniuliza kama nakumbuka mwaka aliozaliwa Corinne, jinsi baba yangu alivyokaa mbele ya mtumbwi wangu na kunirekebisha mbele ya wageni kila mara nilipogusa pondo, na jinsi nilivyokuwa nikirudi nyumbani na kupiga mlango teke.

Nikamwambia nakumbuka.

"Mlango ule tuliubadilisha," akasema. "Huyu hatapiga mlango teke, Hazen. Huyu atapanda ndege."

Nilivaa viatu, nikaenda kukaa kwenye banda la boti mpaka waliporudi. Pruitt akapita moja kwa moja kwenda kulala, kwa adabu. Nikamwambia Corinne kwamba kesho Jumapili Pruitt atakuwa kanisani na kisha usingizini, na boti haina mgeni. Nikamwambia namtaka kiongozi. Nilisema hivyo huku natazama kamba, si yeye.

Corinne alimaliza kufunga boti. Kisha akauliza, "Umewahi kuvua besi, bwana?"

"Nimewahi kuwapoteza," nikasema.

"Basi tuna pa kuanzia."

Mei 21

Nimekaa kwenye omo. Tangu baba yangu afariki sijakaa kwenye omo ya chombo chochote. Ukikaa pale humwoni anayekuongoza, unamsikia tu, na nimegundua leo kwamba wageni wangu wote hawa, miaka yote hii, walikuwa wakinijua kwa sauti.

Alinipeleka mdomoni mwa kijito. Samaki wa kwanza, nikainua. Corinne akasema, "Tena." Wa pili, nikainua. "Tena." Wa tatu niliinua nikatukana, akasema "Tena" kwa sauti ile ile, haikupanda wala kushuka. Nilianza kuutetea mkono wangu. Nikamweleza kwamba mkono huu umevuta samoni ambao watu walivuka bahari kuja kuwapiga picha. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema:

"Siudharau mkono wako, Baba. Sote wawili tunakula kwa mkono huo. Lakini hapa upumzishe. Ukalie."

Nikadhani anatania. Hakuwa akitania. Alinifanya niuegemeze ufito pajani, mkono wa kulia uwe chini ya paja kama wa mtoto aliyezuiwa kuiba sukari, na nivute mshipi kwa mkono wa kushoto peke yake. Saa ile ile Ulysse alikuwa kwenye gati lake, tunapita mbele yake na maji. Nilingoja kebehi. Ulysse akavua kofia, akaishika kifuani hadi tulipopita, na sijui hata sasa kama ilikuwa kebehi au heshima.

Besi alipokamata nilimsikia kwenye vidole. Nikavuta. Haikuwa kama samoni hata kidogo. Samoni ukimkamata huruka na kucheza, unaona unaalikwa. Huyu aliinamisha kichwa akaondoka na mshipi kama mtu aliyetukanwa. Nikautoa mkono wa kulia, nikaushika ufito kwa yote miwili, na gurudumu la mshipi likalia hadi nikahofia. Corinne aliifuatisha boti nyuma yake, polepole, hakunipa shauri ambalo sikulihitaji. Alipompandisha kwenye wavu, alikuwa samaki wa wastani tu. Nimeshika samaki wakubwa kuliko yeye mara ngapi, lakini huyu nilimtazama kama wa kwanza.

"Vizuri, bwana," akasema Corinne. Halafu, kwa sauti nyingine, "Vizuri, Baba."

Husemwa samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimekunjwa nimekwisha kukauka, na sikuvunjika. Aliyenikunja ana kipaji, na nakiri kwamba hakukipata kwangu chote. Uvumilivu ule si wa Mullin yeyote.

Mei 22

Siku ya mwisho ya Pruitt. Akaniuliza kama naingia. Nikamwambia boti ina kiongozi wake. Nilibaki ukingoni na darubini na chupa ya chai, na ingawa Lindi la Mierezi ni mbali na sauti yangu haifiki, niliuma kitambaa wakati wote.

Niliuona ufito wa Pruitt ukiwa chini. Nikaona mkono wa kushoto ukirudi nyuma kwa ghafla, na ufito haukuinuka, ukajipinda pale pale ulipo. Kisha boti ikaanza kufuata. Ilifuata hadi chini ya daraja na kurudi. Corinne alipolala juu ya ukingo wa boti na wavu, alihitaji mikono miwili. Walimpima samaki, alikuwa mrefu kupita kipimo kinachoruhusiwa kuchukuliwa, na wakamshikilia ndani ya maji hadi alipojiendea mwenyewe. Pruitt aliporudi alikuwa akilia waziwazi, mtu mzima, hakufuta machozi. Akanieleza kila kitu tangu mwanzo kana kwamba sikuona. Nikamwacha aeleze.

Kabla ya kuondoka akataka kuweka nafasi ya mwakani. Nikamwonyesha Corinne kwa kidevu.

Mei 25

Usubi umeingia. Unauma hadi ndani ya masikio. Corinne ana wageni siku zote za wiki hii, nami natengeneza chai.

Mei 28

Maji yamepata joto. Serikali imefunga uvuvi kwenye kipande cha juu cha mto kwa siku chache ili besi watage, na leo jioni, jua likiwa bado juu ya miti, tulikwenda kutazama, sisi watatu na Ulysse, aliyekuja na kiti chake.

Walikuwepo upana wote wa mto. Maji yalichemka kutoka ukingo hadi ukingo, mikia na migongo, milia kila mahali, na sauti yake ni ya watu wengi wanaopiga maji kwa viganja. Hakuna aliyekuwa na ndoana. Ulysse akasema kwamba alipokuwa kijana walikuwa wamekwisha karibu wote, msimu mzima mtu angeweza asimwone hata mmoja. Nikakumbuka kwamba ni kweli, na kwamba wakati ule sikusikitika.

Bado nasema wanakula watoto wa samoni. Nimemwambia Ulysse hivyo pale pale, asije akadhani nimeritadi. Lakini mto unaoweza kufanya jambo lile mbele ya macho yako si mto wa kuonewa huruma. Ni mto wangu, na nilijivuna kusimama kando yake.

Corinne alikuwa akitazama maji, mimi nikimtazama yeye. Sikumuuliza kuhusu mgodi. Ardith alikuwa amenikataza kwa kunibana kiwiko tangu tulipotoka nyumbani.

Mei 30

Nilikuwa napanda viazi chini ya dirisha la jikoni. Dirisha lilikuwa wazi. Simu ikalia, Corinne akapokea, na kwa namna alivyosimama wima nikajua ni wale wa Alberta. Niliinama juu ya shimo moja la kiazi muda mrefu kuliko kiazi chochote kinavyohitaji. Alisikiliza. Akawashukuru. Akasikiliza tena, nadhani walimwongezea kitu. Kisha akasema:

"Hapana, asanteni. Nina kazi."

Basi. Hakutoka kunieleza, nami sikuingia kuuliza. Lakini nilisikia Ardith akiangusha kifuniko cha sufuria, naye haangushi vitu.

Juni 6

Leo nimekwenda kituo cha mafuta kununua petroli ya boti yake. Siku hizi naitwa kwa kazi hizo. Wakati najaza dumu, akanijia kijana mmoja mgeni, gari lake lina namba za Ontario, pua imeungua kwa jua. Akaliona dumu na viatu vyangu.

"Mzee, huwa unavua?" akauliza.

Nikamwambia kidogo.

"Samoni au besi?"

"Zamani, samoni."

Akanitazama kwa huruma. Akaniambia basi nitapata taabu sana na besi, maana watu wa samoni wana tabia mbaya ya kuinua ufito, na hakuna mtu anayewaambia. Akasema yuko mwanamke hapo chini mtoni aliyemwonyesha yote. Yeye kijana amevua Maziwa Makuu ya kwao, amevua bahari mbili, na hajakaa kwenye boti ya kiongozi kama yule. Hapandishi sauti, akasema. Anayaona maji kabla hayajafika. Akachukua ufagio uliokuwa umeegemezwa mlangoni ili anifundishe, akaishusha ncha yake hadi sakafuni, akauvuta mshipi usiokuwepo kwa mkono wa kushoto.

"Usiinue," akasema. "Umeona? Vuta tu."

Mwenye kituo, ambaye amenijua tangu utoto, alifungua mdomo nyuma ya kaunta. Nikamtikisia kichwa, akaufunga. Nikaweka dumu chini.

"Mikono yangu mizito, mwanangu," nikamwambia yule kijana. "Hebu nionyeshe tena, polepole. Na huyo kiongozi, ulisema anaitwa nani?"